Tulisema Mungu Kwanza

Sisi tuliozaliwa Nyanza Kusini kabla ya uhuru tulilelewa na watu waliojua kipi kinatangulia. Mahindi yakishapukuchuliwa, katika kila madebe kumi moja lilikuwa la Bwana, na hilo ndilo lililopimwa mwanzo. Ijumaa jua likianza kuinama upande wa ziwa, majembe yaliwekwa, maji yalikuwa yameshatekwa, na mgeni aliyeleta habari za bei ya ng'ombe aliambiwa kwa upole zingoje hadi kesho jua likizama. Sikumbuki mzazi yeyote akituketisha kutuhutubia kuhusu vipaumbele vya maisha. Tulijifunza kwa kutazama mkono wa mama unaanzia wapi.

Leo mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa la Waadventista. Nina wajukuu Rongo, Nairobi na hata Doha. Nikijiuliza kizazi changu kimewarithisha nini, nakosa usingizi. Maneno tumewarithisha, tena mengi. Mungu kwanza imeandikwa kwenye matatu za Migori, kwenye ubavu wa mashua za Mbita, kwenye bango la duka la simu Homa Bay. Lakini mtoto hasomi ubavu wa mashua kujua baba yake anaamini nini. Anatazama pesa ikiingia inatokea mlango upi kwanza, na mgonjwa akilala ndani nani anaamka usiku.

Vijana wengi hudhani wamisionari waliwakuta babu zetu Wajaluo hawana utaratibu. Walikuwa nao, tena mkali. Mvua za Machi zikianza, hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla ya mwenye boma na mke wake mkubwa, mikayi. Mdogo hakuoa kabla ya mkubwa wake. Kujenga, kupanda na kuvuna kulikuwa na zamu, na aliyeruka zamu aliogopa chira, ile balaa inayokausha mwili na kumaliza nyumba. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake, kwa kuwa ulizuia ndugu kudharauliana na kugombea ardhi. Ila uliwaumiza wengine, na aliyeumia kuliko wote ni mjane. Mumewe akishazikwa, hakupanda mpaka arithiwe. Akikataa kurithiwa, mvua ilimpita ameketi mlangoni, na watoto wake walikula kwa huruma ya jirani.

Novemba 1906, Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi, walianzisha misheni ya Waadventista kwenye kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Mtambo wa kuchapa vitabu uliwekwa pale mwaka 1913, na hospitali ya Kendu ikafunguliwa 1925. Misheni ikashuka kusini hadi Kamagambo. Mapadri Wakatoliki wa Mill Hill nao wakajenga Asumbi, na baadaye shule ya Rapogi ikawatoa wasomi wa eneo zima. Habari hizi zimo vitabuni. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba imani hiyo ilipoingia bomani ilipanga upya foleni. Siku moja katika saba mama zetu hawakutumwa shambani. Wahubiri wa kiume hawakuona uzito wa jambo hilo, lakini mama zetu waliuona, na ndiyo maana walijaa kanisani kabla ya waume zao.

Nilikuwa mtoto nilipomwona mama yangu mdogo, mke wa marehemu ndugu yake baba, akipanda bila kurithiwa. Asubuhi hiyo wazee wa kanisa walifika bomani na majembe yao. Wakaomba wamesimama mbele ya nyumba yake, kisha wakarudi nyuma hatua kadhaa ili atangulie yeye. Aliinama, akachimba shimo moja, akaangusha punje za mahindi, akafukia kwa kisigino. Wazee wa ukoo walikuwa chini ya mti wakitazama, na hakuna aliyetoa neno. Baada ya shimo lile la kwanza wazee wa kanisa walishika mistari wakalima naye mpaka jua kali. Alivuna msimu ule kama wenzake. Paa lake lilipooza, hao hao walipanda juu wakaezeka.

Tangu siku ile nimekuwa na kipimo kimoja cha maneno haya mawili, Mungu kwanza. Mungu akitangulia kweli katika boma, mtu aliyekuwa wa mwisho husogea mbele. Mjane hupanda, mgonjwa hupata dawa na yatima hupata kalamu. Kama baada ya nyimbo na maombi yote foleni imebaki vilevile, wenye nguvu mbele na mjane nyuma, basi aliyetangulia ni mwingine.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Nyanza mwishoni mwa miaka ya thelathini ulikuwa na kipimo hicho hicho. Watu waliokoka wakaenda kulipa madeni ya zamani na kurudisha vya wizi, tena mchana, mbele za watu. Baadaye yakaja mafarakano. Mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake, walioitwa Johera, walitoka kwa Waanglikana, na mwanzoni mwa miaka ya sitini Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko wakaanzisha Legio Maria. Hadi leo mahujaji hupanda Got Kwer, huku Migori, alikozikwa Ondeto mwaka 1991. Sikubaliani na mafundisho yao mengi, na wao wanajua. Lakini nawapa haki yao: waliwafungulia mlango wanawake wa nyumba za mitala na wagonjwa ambao makanisa yetu makubwa yaliwaacha wasimame nje.

Kisha pesa ikaja, na ilitujia sisi, kizazi changu. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilijengwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na miwa ikameza mashamba ya mtama. Ziwani sangara, tunayemwita mbuta, alijaa katika miaka ya themanini, wavuvi wa Karungu, Muhuru na Rusinga wakashika noti ambazo baba zao hawakuziota. Na huku Migori, kuanzia Suna na Uriri hadi Kuria, kampuni zilileta tumbaku.

Juu ya tumbaku nataka kukaa kidogo, maana ndipo nilipoona wazi jinsi Mungu anavyoweza kuwa wa kwanza mdomoni na wa nne shambani. Kanisa langu halimbatizi mvuta sigara. Hilo ni sharti, na nimelifundisha kwa miaka mingi bila kuyumba. Lakini muumini aliyekatazwa kuvuta alilima tumbaku siku sita, akapumzika ya saba. Watoto wake walikosa shule msimu wa kuchuma. Walifunga majani kwenye vijiti usiku kucha, mikono imeshika utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni, huku miti ya kilima kizima ikiishia kwenye mabanda ya kukaushia. Sadaka ya jasho hilo ilipokelewa madhabahuni, na mhubiri akaendelea kukemea sigara. Mkulima alikuwa na deni la mbegu na mbolea kwa kampuni, na mahubiri hayalipi deni.

Mwaka 2022 serikali, pamoja na Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani, ilianzisha hapa Migori mradi wa kuwatoa wakulima kwenye tumbaku. Hawakuleta hotuba tu. Walileta mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, mikopo midogo, na kubwa kuliko yote, mnunuzi anayejulikana kabla mbegu haijaingia ardhini. Maelfu ya wakulima walihama. Nawashukuru walioleta mradi huo, na papo hapo nasikitika kwamba haukutoka kwetu. Makanisa ya hapa yana ardhi, yana watu, yana hazina inayojazwa kila juma. Tungeweza kufanya hivyo miaka thelathini kabla, kwa kijiji kimoja kimoja, lau tungemtazama mtoto mwenye mikono myeusi kwanza na ripoti ya zaka baadaye.

Miaka ya tisini UKIMWI ulituchagua sisi kuliko Wakenya wengine wote. Kutoka Oyugis hadi Rodi Kopany mafundi seremala waliacha vitanda wakatengeneza majeneza, makubwa na madogo, wakayapanga kando ya lami. Katika darasa moja nililofundisha, mtoto aliyefiwa na mzazi hakuwa habari tena. Madaktari Wasio na Mipaka waliingia hospitali ya Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, wakati ambapo wengi duniani walikuwa bado wanabishana kama Mwafrika ataweza kumeza dawa hizo kwa saa. Watu walimeza. Wapo waliobebwa kwa machela wakati ule ambao leo naketi nao benchi moja kanisani. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta Homa Bay asilimia 19.6 ya watu wazima wanaishi na virusi, na Migori 13, huku wastani wa nchi ukiwa 4.9.

Ukiniuliza nani alihifadhi imani katika miaka hiyo, sitamtaja mchungaji wala askofu. Nitakutajia nyanya. Wanawake waliokuwa wamemaliza kulea walianza upya, wakiwa na umri wa miaka sitini au sabini, na watoto watano au sita wa mabinti na wana waliozikwa nyuma ya nyumba. Huko pwani ya ziwa wengine walikuwa wanaanika omena alfajiri ili wapate ya kalamu. Nyanya mmoja wa Ndhiwa aliniambia alikuwa na utaratibu mmoja tu kila jioni: mtoto anayemeza dawa anakula kwanza, maana dawa haikai kwenye tumbo tupu, kisha wadogo, kisha wakubwa, kisha yeye. Alisema hivyo huku anachambua mboga, bila kuona kama amesema jambo. Kwangu mimi huo ndio ufafanuzi wa Hotuba ya Mlimani ulio bora kuliko wote niliousikia Nyanza Kusini, na nimesikia wahubiri wengi.

Wakati nyanya akigawa chakula hivyo, sisi wanaume tulikuwa kwenye kamati ya matanga.

Nalisema hili kwa uchungu. Nimekuwa mweka hazina wa kamati nyingi za mazishi na najua daftari hilo lilivyo. Ukurasa wa kwanza: mochari, gari la maiti, jeneza. Ukurasa wa pili: hema, viti, ng'ombe, mchele, soda, jenereta, vipaza sauti. Ukurasa wa tatu ndio unaonitoa machozi: fulana zenye picha ya marehemu, mpiga video, kifusi cha barabara ili magari ya wageni yasikwame, rangi ya nyumba, na mabati mapya. Mabati mapya, wandugu, juu ya nyumba ambayo marehemu aliugulia miezi minane ikivuja, na kila mwenye kuchanga leo alipita pale akasema pole mama, Mungu yupo. Akiwa mgonjwa kundi la WhatsApp halikuwepo. Amekufa saa tisa, kufikia saa kumi na mbili jioni kundi lina watu mia mbili na pesa zinaingia kwa M-Pesa kila dakika. Wiki tatu baadaye hema limeondoka, mjane amebaki na deni la mochari, na Januari mtoto wa sekondari yuko nyumbani anachunga mbuzi waliosalia.

Silaumu kulia. Bwana mwenyewe alimlilia Lazaro, na Mjaluo asiyewalilia wake si mtu. Najua pia kwamba kuzika vizuri kulikuwa njia ya kuwaambia walioondoka kuwa hawakuwa bure, hasa katika miaka ile ambayo majirani walinong'ona kuhusu ugonjwa uliowaua. Lakini tulivuka mpaka. Tukageuza matanga kuwa mahali pa kupimana majina. Wanasiasa walipogundua kwamba umati mkubwa usiolipiwa uko kwenye mazishi, wakaja na vipaza sauti vyao. Disko matanga ikaingia usiku, na wasichana wa shule wakarudi nyumbani na mimba kutoka kwenye kesha la kuomboleza. Sisi Waadventista tunajisifu kwamba hatuziki Sabato. Ni kweli, tunazika Ijumaa au Jumapili, na gharama ni zile zile.

Kisha tarehe 15 Oktoba 2025 kiongozi wetu wa siasa, Raila Odinga, alifariki India. Kama kuna mtu ambaye taifa la Wajaluo lingedai alazwe mwezi mzima, ni yeye. Aliacha wosia azikwe haraka, ndani ya saa 72, na tarehe 19 alikuwa kaburini Bondo. Wazee wenzangu walipinga kwa siku moja, wakachoka, wakakubali. Watu walilia barabarani, makundi kwa makundi, na hakuna aliyesema amezikwa kama maskini. Hakuna chira iliyomshukia mtu kwa mazishi yale kuwa ya haraka. Kama mkubwa wetu kuliko wote alitosheka na siku nne, mimi mwalimu wa shule ya msingi nadai wiki tatu kwa misingi gani?

Twende kwenye hesabu. Familia isiyo na ajira rasmi inaweza kuingia kwenye bima ya afya ya serikali, SHA, kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mbuzi mmoja wa matanga anazidi hapo. Ng'ombe wawili tunaowachinjia wageni waliokuja na magari yao wangewakatia bima wajane wa ushirika mzima mdogo. Najua bima hiyo ina matatizo, na wengi wamefika hospitali wakaambiwa mtandao umekwama. Bado mjane aliyesajiliwa ana mahali pa kuanzia, na asiyesajiliwa anamsubiri mwenyekiti wa kamati.

Sasa nigeukie jambo linalonipa hofu zaidi kuliko matanga, kwa sababu linavaa nguo za imani yenyewe. Miji yetu imejaa wahubiri wanaofundisha kwamba kumweka Mungu mbele ni kumweka mhubiri mbele. Binti mmoja aliyepita mikononi mwangu darasa la saba aliuza cherehani yake, chombo kilichomlisha yeye na mama yake, akapeleka pesa kama mbegu. Aliahidiwa mavuno kabla ya mwaka kuisha. Mama yake alihamia kwa ndugu. Yesu aliwajua watu wa namna hiyo. Aliwakemea wale walioiita mali yao korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao, akasema wameibatilisha amri kwa mapokeo yao. Mstari huo hauhubiriwi mara nyingi siku ya harambee. Mungu kwanza haijawahi kumaanisha kikapu cha sadaka kwanza. Mungu wa Biblia anakataa sadaka iliyopita juu ya mgongo wa mama mzazi.

Yapo mambo ya kushukuru. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walizungumza bila kuficha kuhusu wanasiasa wanaogeuza kanisa kuwa jukwaa, na Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza fedha alizotoa Rais William Ruto kwa parokia moja ya jiji zirudishwe. Anyolo aliwahi kuwa askofu wetu wa Homa Bay, tangu 2003 hadi 2018. Niliposikia habari hiyo nilisimama peke yangu sebuleni. Ni jambo gumu kurudisha pesa. Parokia ya kijijini isiyo na paa ingefanyaje? Sina jibu rahisi, ila najua kanisa lisiloweza kurudisha bahasha haliwezi pia kumwambia mwenye bahasha ukweli.

Na ni vijana waliotufikisha hapo. Wiki zile za Juni 2024 walizojaa barabarani kupinga mswada wa fedha, waliuliza waziwazi kwa nini mimbari inapewa mtu aliyetaka kuongeza bei ya mkate. Sisi wazee tulikasirika kwa lugha yao. Lakini tazameni walichofanya na simu zao. Walichanga mamilioni ya shilingi kwa siku chache kulipia majeruhi hospitalini na kusaidia familia za waliouawa. Majeruhi kwanza. Hawakuuliza kabila wala dhehebu, na wengi wao ni watoto tunaosema wameacha kanisa.

Nina mmoja wa hao ninayezungumza naye. Anachimba dhahabu Nyatike, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo yanayoporomoka kila msimu wa mvua, mahali ambapo wanawake huosha mchanga kwa zebaki bila glavu. Alikuwa mwanafunzi wangu, mwerevu wa hesabu, akaacha shule kidato cha kwanza kwa kukosa karo. Tulikutana stendi ya Migori. Nikamuuliza, kama wazee tunavyouliza, mbona simwoni ibadani.

"Mwalimu," akasema, na hakuwa amekasirika, "nilipofukuzwa shule nilikaa nyumbani mwaka mzima. Kanisa lilipita pale kila Sabato. Babu alipokufa mlileta hema mbili."

Nikanyamaza, maana hema zile nilikuwa nimeziona. Halafu nikamuuliza habari za dada yake. Akatoa simu akanionyesha ujumbe wa malipo ya karo, wa muhula huu, uliotumwa juma la kwanza kabla hajanunua buti mpya za kazi. Alizovaa zilikuwa zimefungwa kwa waya. Dada yake yuko kidato cha tatu na hajawahi kurudishwa nyumbani hata siku moja tangu kaka ashuke shimoni.

Kijana huyo hajarudi kanisani. Mimi naomba arudi, na nisingekuwa mkweli nikisema kwamba karo ya dada inatosha badala ya ibada, kwa maana mtu anahitaji wa kumshika mkono shimo likiporomoka, na anahitaji msamaha ambao dhahabu hainunui. Lakini mpangilio wa nyanya wa Ndhiwa anao. Mpangilio wa wazee waliopanda na mjane anao. Ameupata bila sisi, na kazi yetu sasa ni kuurudisha kanisani ili akija aukute.

Kwa hiyo nawasemesha wazee wenzangu, wa Kanyadoto na Kamagambo, wa Asumbi na Rapogi, Waanglikana na watu wa Got Kwer pia. Agosti makambi yanakuja, na kila dhehebu lina mikutano yake mikubwa. Kabla ya mahubiri ya kwanza, daftari la wagonjwa na la watoto waliofukuzwa shule lisomwe kwa sauti, kama linavyosomwa la michango. Pesa ya kwanza ya mkutano ikate bima ya wajane wasiokuwa nayo. Mhubiri mgeni asubiri posho yake hadi hayo yaishe. Akiwa ametumwa na Bwana atasubiri.

Na wewe mzee unayesoma haya, usingoje mkutano. Jioni ya leo waite watoto wako, hata wa Doha kwa simu. Waambie uzikwe ndani ya siku ngapi, jeneza la mbao gani, na kwamba hutaki fulana. Andika, weka sahihi, mpe mke wako nakala. Mwisho wa karatasi hiyo taja kwa jina mtoto atakayelipiwa karo kwa pesa itakayobaki.